Debe Chini ya Kitanda

Esta,

Nilikuambia usifungue karatasi hii mpaka mfike Sotik, mahali mume wako atawafungua ng'ombe wa mkokoteni wanywe maji. Ninavyokujua, hata mashamba ya chai hamjayamaliza na wewe tayari umeshaifungua. Haya, soma. Lakini soma mpaka mwisho. Usiache katikati ukasema, "Mama ameanza tena."

Ndiyo, nimeanza tena.

Naandika mchana, nyumba ikiwa tupu. Wewe uko kwa jirani yetu Mama Yunia mkiagana, na kicheko chenu nakisikia kutoka hapa. Baba yako ameenda kwa nyapara kuomba ruhusa ya kesho. Mvua ya saa nane imeanza. Herufi zangu unazijua, zinalala huku na huku kama ng'ombe walioshiba, usizicheke. Nilifundishwa kuandika pale kanisani nikiwa tayari nina watoto, na nilifundishwa kwa Kiswahili, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yetu, kwa sababu mimi ni Mkipsigis na baba yako ni mtu wa ziwani, na hakuna kati yetu aliyetaka kushindwa na lugha ya mwenzake.

Sitakuandikia mambo ya kupika wala ya kusalimia wakwe. Hayo unayajua, na yale usiyoyajua wakwe zako watakuambia kabla hujauliza. Nataka kuandika juu ya nyumba yako ya Siongiroi.

Nyumba ni nzuri. Sijasema si nzuri. Mwezi uliopita nilipoenda na Mama Yunia kuitazama, niliona kuta zimekandikwa vizuri, na nyasi za paa zimekatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi. Mimi nilisimama nje, kwa sababu mama mkwe haingii tu kwa mkwe wake kama anaingia sokoni. Mama Yunia, ambaye haogopi mtu, akaingia. Alikaa huko muda, akatoka anafuta mikono.

"Mama Esta, kijana ni mtu wa mali," akasema.

"Mali gani?"

"Chumvi, sukari, sabuni, viberiti boksi nzima. Na debe tatu za mafuta ya taa, ziko chini ya kitanda."

"Kitanda gani?"

"Kwani ana vitanda vingapi? Kitanda cha mtoto wako."

Nikazunguka nyumba kwa nje. Kuni zimepangwa ukutani, kavu, zimeinuka mpaka zinagusa nyasi za paa. Nyuma kuna mafungu ya nyasi yaliyobaki wakati wa kuezeka, ameyaacha hapo. Juu ya nyasi hizo kuna magunia matupu na ngozi mbili kavu. Halafu nyasi za porini, za manjano, zimekuja zenyewe mpaka kwa ukuta. Na mbali kule, upande upepo unakotoka, moshi. Wachungaji walikuwa wanachoma nyasi kuukuu ili mpya zichipuke kwa ajili ya ng'ombe. Hawana ubaya, wanafanya hivyo kila kiangazi. Moto wao hauna wa kuuchunga.

Kumwambia Kiprono siwezi. Wewe unajua mimi na mkwe wangu tunavyosalimiana, kila mmoja anaangalia mti wake. Nimwambie nini huyo kijana, tena mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake? Nikarudi nikakuambia wewe.

Nimekuambia mara ngapi sasa? Mara ya kwanza uliniambia, "Zikikaa nje zitaibwa."

Nikasema, "Ziibwe."

"Sasa dukani atauza nini?"

Mara ya pili ukaniambia mimi nikiona kiberiti naona Jehanamu. Mara ya tatu, Jumapili hii, tukiwa tunakula sote, nikasema polepole kabisa, bila kugombana, kwamba kuni zikae mbali na ukuta. Ukaweka chakula chini, ukatabasamu, ukasema, "Mama, mimi sivuti kiko kama Dani. Nyumba itachomwa na nani?"

Baba yako akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mama Esta, wacha mtoto. Amekushinda."

Na mimi nikacheka. Hiyo ndiyo sababu naandika, Esta. Nilicheka pamoja nanyi.

Wewe umekua ukijua hadithi moja. Kwamba ulipokuwa mdogo tulikaa huko chini kwenye nyasi, karibu nusu siku kutoka hiyo Siongiroi yako, baba yako akinunua ngozi kwa wafugaji. Kwamba Dani, mama ya baba yako, alikaa nasi. Kwamba alisinzia na kiko chake mlangoni, cheche ikaruka, nyumba ikaisha. Kila mtu wa ukoo anaijua. Hata Dani mwenyewe aliijua hivyo mpaka akafa.

Kiko cha Dani hakikuchoma kitu. Nyumba ile niliichoma mimi.

Ngoja nieleze, usirukie.

Mimi nilizaliwa huku juu, upande wa Kiptere. Unajua mvua yetu. Hata mwezi wa kwanza hupati vumbi siku tatu mfululizo, na paa la nyasi likishaezekwa halikauki tena mpaka libomoke. Mama yangu alikuwa anaweka kuni ukutani, chini ya paa, kwa sababu mahali pengine zingeoza. Na alikuwa anaosha vibuyu vya maziwa kama tunavyoosha sisi wote: unachoma ncha ya kijiti cha senetwet, unakisugua ndani ya kibuyu kikiwa bado chekundu, mkaa unashika, maziwa yanapata ile harufu. Wewe umeosha hivyo tangu ukiwa na miaka saba. Ukimaliza, kijiti unakigonga chini, unakichomeka kwenye paa pale juu ya kuni, ukipate kesho. Mama alifanya hivyo miaka yote. Kama kilibaki na moto kidogo, paa lenyewe lilikizima.

Basi mimi nikaolewa nikashuka kwenye nchi kavu, nikabeba mvua ya kwetu kichwani. Kuni nikaziweka ukutani. Kijiti nikakichomeka juu yake. Debe la mafuta ya taa, lile baba yako alilopewa na Mhindi wa ngozi, nikaliweka ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli. Niliona nimepanga nyumba vizuri sana.

Dani aliniambia. Hili ndilo linalonichoma zaidi ya moto wenyewe. Yeye alitoka nchi ya nyasi kule ziwani, aliyajua haya. Kiswahili chake kilikuwa vipande na changu vipande, tukawa tunaunganisha. Akasimama na kiko mdomoni, akagonga kuni zangu kwa fimbo.

"Nyathina," akasema, ndiyo kusema mtoto wangu kwa lugha yao, "hizi ziko karibu."

"Kwetu kuni hukaa karibu na nyumba, Dani."

"Kwenu kuna mvua."

Nikaingia ndani nikalalamika kwa baba yako kwamba mama yake ananitafutia makosa. Kwamba leo ni kuni, kesho itakuwa chumvi. Nilikuwa msichana, Esta, nilikuwa na miaka kama yako. Kila neno la mkwe nilisikia kama kofi. Alirudia siku nyingine, akanionyesha pale nje, mbali, karibu na kichuguu, akasema atanisaidia kuzihamisha. Nikamwambia nitazihamisha mwenyewe. Sikuzihamisha.

Na unajua ubaya wake ni nini? Hakuna kilichotokea. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna kitu. Wa tatu nikaanza kumcheka moyoni. Moto hauji siku unapokosea. Unakuacha uzoee kwanza.

Siku yenyewe niliosha vibuyu asubuhi. Kijiti nilikitazama, kilikuwa cheusi. Sikukigusa kwa kidole, sikukichovya majini, nilikitazama tu. Nikakichomeka. Nikakufunga mgongoni, nikachukua mtungi, nikaenda mtoni. Dani alikuwa ameketi mlangoni, upande wa mbele, anavuta. Upepo ulikuwa umeanza.

Nilipokuwa narudi niliona moshi, nikadhani ni wachungaji. Nikaendelea kutembea. Niliendelea kutembea na mtungi wangu kichwani kama mjinga, mpaka nikafika pale kwenye kichuguu nikaona paa. Moto ulikuwa nyuma. Juu ya kuni. Mbele, mahali mlango ulipo, nyasi zilikuwa bado nzima, na Dani hakuwepo kwenye kigoda chake. Alikuwa ameingia ndani kutoa vitu. Alitoa ngozi za kulalia. Alitoa koti la baba yako. Akarudi mara ya tatu kutoa vibuyu vyangu. Vyangu, Esta, vya mama yangu, vile alivyojua navipenda.

Nikakuweka chini nikakimbia na mtungi wa maji. Wakati huo lile debe lilikuwa limeshika joto likafumuka, mafuta yakawa yanawaka sakafuni, na mimi nikayamwagia maji. Sikujua. Nani angenifundisha? Maji yakayabeba yale mafuta yakiwa yanawaka, yakakimbia nayo mpaka miguuni pa Dani. Kama ningetupa udongo, kama ningetupa hata samadi, yangelala. Mimi nikampelekea mwanamke mzee moto kwa mtungi. Alitoka mwenyewe, akitambaa. Zile soksi ulizokuwa unamwona nazo hata wakati wa jua, ukamuuliza kama anasikia baridi, ndiyo sababu.

Majirani walipokuja waliuliza maswali mawili tu. Nani alikuwa nyumbani? Dani. Alikuwa anafanya nini? Anavuta kiko. Basi, ikaisha hapo. Hakuna aliyeniuliza mimi. Baba yako alifika jioni, akaangalia majivu, akaangalia mama yake, hakusema neno, na kutosema kwake kulikuwa kubaya kuliko matusi.

Nilikuwa na siku nzima ya kusema. Nilikuwa nimeona moto ulipoanzia. Nilijua kijiti kilikuwa wapi. Lakini nilikuwa Mkipsigis peke yangu katikati ya watu wa baba yako waliokuja naye kununua ngozi, na tayari walikuwa wameshamwambia kwamba alikosea kuoa, alienda mbali kutafuta taabu. Nikafikiri, nikisema, kesho narudishwa Kiptere na mtoto wangu anabaki. Nikafunga mdomo. Nikajiambia nitasema baadaye, watu wakitulia.

Siku ya nne Dani aliniita. Alikuwa amelala kwa jirani, miguu imepakwa mafuta ya kondoo na kufunikwa majani. Alinishika mkono. Aliniambia, kwa kile Kiswahili chetu cha vipande, "Mama Esta, mimi sikumbuki kusinzia. Lakini mimi mzee. Labda nilisinzia. Vibuyu vyako vimeungua. Unisamehe."

Na mimi nikamwambia, "Yamepita, Dani."

Nilimsamehe. Unasikia? Nilimsamehe kwa kosa langu, na akashukuru.

Kiko alikitupa shimoni. Aliishi nasi tena miaka sita, tukaja hapa chai ilipoanza kupandwa, hakuvuta hata siku moja. Mkono ulikuwa unakwenda mdomoni wenyewe, unakuta hakuna kitu, unarudi. Na kila jioni, mvua ikinyesha, paa linavuja, maji yamejaa mpaka mlangoni, alikuwa anauliza, "Moto umezima?" Wewe na watoto wa laini hizi za wafanyakazi wa chai mlikuwa mnamwiga, mnainama na fimbo, "Moto umezima? Moto umezima?" na watu wazima wanacheka. Mimi nilikuwa nawachapa. Mlidhani namtetea. Nilikuwa nawachapa kwa sababu sikuweza kuvumilia kuyasikia maneno hayo.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kunyamaza juu ya kuni? Nimechoka kuonekana mwanamke mwoga anayeona Jehanamu ndani ya kiberiti. Sijawahi kuogopa kiberiti. Kiberiti unakiona kikiwaka. Mimi naogopa vitu vilivyotulia, kuni zilizopangwa vizuri, debe lililofunikwa vizuri, gunia tupu ambalo mtu aliweka pale ili alitoe kesho. Na zaidi naogopa mtu aliyekulia kwenye mvua, ambaye mikono yake haijui bado kwamba imehama. Huyo ni wewe. Mikono yako niliifundisha mimi. Umewahi kuniona nikichovya kijiti majini kabla ya kukiweka? Ndiyo, sasa nachovya, na ulishaniuliza kwa nini napoteza kijiti kizuri. Nilikujibu kwamba nina haraka.

Mimi na Mama Yunia tulipokuwa tunaondoka pale kwako, nilichagua mahali. Utaniudhi ukisema hakuna mahali. Ukitoka mlangoni, vuka njia, upande ule upepo unakoelekea, kuna udongo mwekundu mtupu usioota kitu. Kiprono achimbe shimo hapo, aweke madebe ndani, aweke bati juu na mawe juu ya bati. Kama anaogopa wezi, afuge mbwa. Mbwa mkali ni rahisi kumpata. Kuni nazo zikae mbali mpaka uchoke kuzifuata, na siku utakayochoka ukaziona ni mbali mno, ujue hapo ndipo mahali pake. Nyasi karibu na nyumba zing'olewe mpaka udongo uonekane pande zote, siyo mlangoni tu mahali wageni wanapita. Moto wa wachungaji hauji kwa mlango kubisha hodi. Yale mafungu ya nyasi ampe jirani au ayachome siku ya mvua, kama mnapata siku kama hiyo. Na taa uijaze mchana, nje, wala siyo jikoni.

Nimesema sitaandika mambo ya kila siku, na tazama sasa. Haya, nimeacha.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia kwa mdomo. Nilijaribu. Kila nikianza, baba yako yuko, au wewe umeshacheka. Na utaniuliza kama baba yako anajua. Hajui. Yule alikuwa mama yake, na alikaa naye miaka sita akimtazama kama mtoto aliyevunja chungu. Alimzika hapo nyuma ya kanisa akiwa bado hajamwambia neno la kumwondolea aibu ile, kwa sababu aliona hakuna la kuondoa, lilikuwa kosa la mama yake. Hilo pia ni langu.

Kesho mkishaondoka, baba yako atarudi kuketi hapa peke yake na mimi, na atakuwa na huzuni, na nitamwambia. Nimechagua kesho kwa sababu nikingoja kesho kutwa nitakuwa na sababu nyingine. Sijui atafanya nini. Anaweza kunyamaza kama alivyonyamaza siku ile. Anaweza kuniambia nirudi Kiptere, nikiwa mzee hivi. Ukisikia tumegombana, usije mbio, na usimkasirikie. Ana haki.

Na wewe una haki. Dani alikubeba kuliko mimi, alikutafunia nyama kabla hujaota meno. Umemfanya mzaha miaka yote kwa sababu mimi nilikupa huo mzaha. Usiponiandikia mwezi huu nitaelewa. Usiponiandikia mpaka mvua kubwa, nitaelewa pia, nitanung'unika lakini nitaelewa.

Ila mtakapofika kwenu Siongiroi, Kiprono atataka kushusha sanduku lako kwanza, akuonyeshe kitanda. Mwambie angoje. Mwambie mwenyewe, usiseme "mama amesema," kwa sababu neno la mama mkwe kijana hulisikia kama nilivyolisikia mimi la Dani. Mweleze mambo ya kijiti, mweleze na ya mtungi wa maji, hata akinidharau. Afadhali anidharau. Akikataa, nenda ulale kwa mama yake mpaka achoke kulala peke yake na mafuta yake.

Ukikasirika, kasirika, mtoto wangu. Lakini usikae chini kukasirika. Anza na zile kuni za juu, zinazogusa paa, uzibebe mpaka kwenye ule udongo mwekundu, urudi uchukue nyingine, na njia yote kwenda na kurudi unitukane utakavyo.

Ni mimi mama yako,
Raheli